Jinsi Nilivyomchagulia Baba Televisheni

Baba yangu ni askari polisi, cheo chake sajini, na sisi twakaa kambini hapa Kampala katika mojawapo ya zile nyumba ndogo za bati ambazo askari wenyewe wamezipa jina la "Mama ingia pole". Aliyewahi kuingia humo kwa haraka akajigonga kichwa hataniuliza maana ya jina hilo. Baba ni mtu wa Kapchorwa, mama ni mtu wa Arua, na lugha iliyowakutanisha ni Kiswahili cha kambi. Ndiyo maana nathubutu kuandika katika kurasa hizi, ingawa najua mwalimu wetu hatakosa la kusahihisha.

Mwaka 2024 baba alikuwa na hamu moja tu. Michezo ya Olimpiki ilikuwa Paris, na Joshua Cheptegei angekimbia mita 10,000. Wasomaji wote wamjua Cheptegei kuwa ni mtu wa Kapchorwa, lakini huenda wengine hawajui kwamba yeye pia ni askari polisi. Kwa baba mambo hayo mawili yalitosha kumfanya mtoto wa ndugu yake. Cheptegei alipopata dhahabu ya mita 5,000 kule Tokyo mwaka 2021, baba alikuwa zamu, akapata habari kwa kusimuliwa. Safari hii akaapa kwamba ataona kwa macho yake mwenyewe.

Basi akatoa akiba yake, akanunua televisheni bapa ya inchi 32. Jioni ile akaniita.

"Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii," akasema. "Shika hizi shilingi 150,000. Nenda katutafutie chombo cha kutuletea picha safi kuliko zote. Nataka kuliona jasho la huyu kijana."

"Ndiyo, baba," nikajibu, na kifua kikanivimba kwa fahari.

Nami nilichagua kama wachaguavyo wengi: kwa matangazo. Niliiona kampuni moja yenye bango kubwa na picha ya simba ambaye waweza kuzihesabu nywele zake. Sikuuliza kitu. Nikalipa king'amuzi, au dekoda kama tusemavyo Kampala, pamoja na erio ndogo ya kuweka ndani, na ada ya mwezi. Muuzaji alinionyesha waya wa HDMI, akataka nimwongeze elfu 15. Nikakataa, kwa kuwa ndani ya boksi mlikuwa na waya wa vichwa 3, chekundu, cheupe na cha manjano. Waya ni waya, nikajisemea. Nyumbani nikaificha ile erio nyuma ya televisheni isije ikaharibu urembo.

Picha ilitokea, lakini watu walikuwa wanene, nyuso zao zimepanuka kama maandazi. Dada yangu akacheka. Mimi nikasema ndivyo televisheni za kisasa zilivyo.

Ijumaa tarehe 2 Agosti, saa 4 usiku, tulikuwa watu 9 ndani ya nyumba ile, na wengine wamesimama mlangoni. Baba alikuwa amekwisha kuvaa sare, kwa sababu zamu yake ilianza saa 6. Mbio zikaanza: mizunguko 25. Picha ikawa yakatika hapa na pale, ikigeuka vigae vya rangi rangi, kisha ikirudi. Kila ilipokatika watu waligeuka kunitazama mimi. Ilipobaki mizunguko miwili, Waganda wetu wakiwa katika kundi la mbele, picha ikaganda kabisa. Mguu mmoja wa Cheptegei ulikuwa hewani, nao haukushuka. Sauti nayo ikakoma.

Nikaitikisa erio. Nikaipeleka juu ya kabati, nikaipeleka dirishani. Ndipo tukasikia kelele kutoka nyumba ya tatu, kwa koplo mmoja mwenye televisheni ya zamani, ile yenye mgongo kama kobe: vifijo, vigelegele, masufuria yakipigwa. Picha yetu iliporudi, mbio zilikuwa zimekwisha na saa imeandikwa: dakika 26, sekunde 43.14. Ni rekodi mpya ya Olimpiki. Kati ya mtu wa pili na wa tatu ilikuwa tofauti ya sekunde 0.02 tu, nasi hatukuona hata mmoja wao akikata utepe.

Baba akachukua kofia yake. "Haidhuru," akasema, "ameshinda." Akainama, akatoka. Ningependa zaidi kama angenigombeza.

Kesho yake nilibeba king'amuzi na ile erio hadi Katwe, mahali ambapo hakuna kitu kisichotengenezwa. Nikamkuta fundi mmoja mzee amezungukwa na matumbo ya redio na televisheni. Nikamwamkia, nikamweleza habari yote, nikamwomba anionyeshe kilichoharibika.

"Hakijaharibika kitu, kijana," akasema. "Nyumba yenu ina kuta za nini?"

"Za bati, mzee."

"Na paa?"

"La bati."

Akacheka mpaka akaweka kisu cha kuchonga waya chini. "Basi umeweka erio ndani ya sufuria, ukafunika na kifuniko!"

Tangu siku ile nimejifunza mengi kwake, nami nitayaeleza kwa kadiri nilivyoelewa. Zamani, kabla mitambo ya analojia haijazimwa hapa Kampala mwaka 2015, mawimbi yakipungua uliona chenga, lakini kati ya chenga hizo ulimwona mtu akikimbia. Mawimbi ya dijitali hayana huruma hiyo. Yakitosha, picha ni safi kabisa; yakipungua kidogo chini ya kipimo, picha huvunjika au kuganda. Yanakuja kutoka minara ya vilimani, kama ule wa Kololo, na mji wetu una vilima vingi na mabati mengi zaidi. Yule koplo hakuwa na televisheni bora kuliko yetu. Alikuwa na mlingoti nje.

Jambo la pili ni nukta. Kioo chetu kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni moja. Lakini picha ya kawaida isiyo HD huletwa kwa nukta 720 kwa 576, ambazo ni kama laki 4 tu. Kioo hakina njia ila kuivuta, kama shati la mtoto avalishwe mtu mzima. Na ule waya wa vichwa 3 hauwezi kabisa kupitisha picha ya HD, hata kama king'amuzi kinayo. Elfu 15 zangu za ubahili! Watu kuwa wanene nako kulitoka kwangu mwenyewe, kwa sababu niliinyoosha picha ya umbo la zamani ijaze kioo kipana, badala ya kuiacha na pande nyeusi.

Nilimwuliza fundi ni huduma ipi iliyo na picha bora kuliko zote. Akasema kwanza nimwambie naishi wapi. Dishi lenye chaneli za HD ndilo alilolisifu kwa uzuri wa picha. Setelaiti inayotumiwa na DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya vichwa vyetu hapa, umbali wa kilomita kama 36,000, ndiyo sababu madishi hayo Kampala yamelala yakitazama mbinguni. Vilima havilisumbui, lakini mvua zetu kubwa hulisumbua. Azam nayo hutumia setelaiti nyingine, iliyo upande wa magharibi, hivyo dishi lake huinama huko. Kwa intaneti picha yaweza kuwa nzuri mno, ila saa moja ya HD yaweza kula GB 3, na bando la namna hiyo si la mshahara wa sajini.

Kisha akauliza jina la televisheni yetu. Nilipomtajia, akatikisa kichwa. Televisheni ile ilikuwa na king'amuzi chake ndani yake, cha kupokea chaneli za bure zinazorushwa na mitambo ya Signet! Kwa chaneli hizo hatukuhitaji kununua kitu ila erio ya nje na mlingoti. Nilisimama pale kama mtu aliyenunua maji akiwa amesimama kisimani.

Nilitaka kumficha baba jambo hilo. Siku 2 nililala nalo. Siku ya tatu nikamweleza yote, hata habari ya bango la simba. Akanyamaza kidogo, akauliza mlingoti unatakiwa urefu gani. Jumapili tukausimamisha pamoja, yeye akiushika, mimi juu ya ngazi nikiigeuza erio kuelekea Kololo, na dada ndani akipaza sauti: "Bado! Bado! Hapo hapo!" Ada ya kampuni hatukuilipa tena.

Si chaneli zote za bure zilizo na picha ya kung'aa, wala sisemi kila mtu afanye kama sisi. Mwenye uwezo na atake ligi za Ulaya kwa HD, na aweke dishi. Lakini Agosti 2025, CHAN ilipochezwa Namboole na Uganda ikaifunga Guinea 3-0, tuliyaona mabao yote matatu bila kukatika hata mara moja. Baba hakuwapo. Alikuwa kule kule uwanjani zamu, na askari wa uwanjani hutazama watu, hatazami mpira. Alirudi usiku wa manane, akatuamsha tumsimulie.

Nisimulie vizuri kadiri nilivyoweza, mpaka akaridhika. Hata leo akitoka zamu, kabla ya kuvua buti zake, huenda kwanza kwenye ule mlingoti, akautikisa kidogo kuona kama bado umekaza.