Simu Moja, Masikio Mengi

Iwapo utapanda matatu pale Sotik kuelekea Ndanai, chungulia dirishani. Majani chai yatakusindikiza kwanza, kisha ng'ombe wa maziwa, na hatimaye soko lenyewe. Hapo ndipo nilipolelewa, na hapo ndipo nilipoisikia simu kwa mara ya kwanza.

Miaka ya tisini, nyumbani kwetu hatukuwa na simu. Tuliitegemea ya mwenye duka mmoja sokoni, nyeusi na nzito, iliyotiwa kufuli ili watu wasiipige ovyo. Baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai Kericho, alipopiga, mtoto alitumwa mbio kutuita. Baba alikata, akangoja, kisha akapiga tena. Mama aliacha jembe, akajifunga leso safi, utadhani wanakwenda kuonana ana kwa ana!

Siri haikuwepo. Duka zima lilisikiliza. Lakini siku babu alipofariki hospitalini, mama hakuhitaji kumweleza mtu. Kabla hajaiweka simu chini, wanunuzi walikuwa wamekwisha kumshika mikono.

Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka wa 1999. Mwaka uliofuata, Safaricom na Kencell zikaanza kushindania wateja wa simu za mkono. Kwetu ilianza moja kwa boma zima, ikining'inia msumarini karibu na dirisha, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Aliyepigiwa aliongea akiwa amesimama hapo, sisi wengine tukimtazama usoni. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na karo ikawa inatumwa bila kupanda gari. Nani asiyeshukuru?

Leo kila mtu ana yake. Mwaka jana shangazi alifariki usiku. Mama alipigiwa saa nane, akaketi gizani peke yake hadi alfajiri, eti hakutaka kutuamsha. Nasi tulilala fofofo, simu zetu zikiwa kando ya mito!

Sisemi turudishe kufuli ya mwenye duka, la. Bali wewe uliye mjini, unapokuwa na habari nzito ya kumpa mzazi, mpigie jirani yake kwanza. Mwombe aende akabishe mlango, aketi naye. Ndipo upige.