Mwongozo Umfuate Mwenye Duka

Nimestaafu kazi ya kufunga programu za hesabu na mashine za risiti katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na kinachonifanya niandike ni ubishi mmoja ambao ufundi wetu haujaumaliza. Utoto wangu hauna mengi ya kusimulia: Ilala, shule ya msingi, kisha sekondari katika miaka ambayo kompyuta nchini zilikuwa za kuhesabika, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza. Sisi wa rika hilo tulijifunza kompyuta ukubwani, vitabuni, na ndiyo maana nakichukulia kwa uzito kitabu cha maelekezo ambacho wengine hukitupa pamoja na boksi lake. Hoja yangu ni kwamba maelezo ya programu na mashine hizi yapo, tena mengi, ila yamepangwa kwa kufuata namna kifaa kilivyoundwa. Anayekitumia ana kazi mkononi, na kazi hiyo haina sura yake kitabuni.

Chukua mashine za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi. Zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, na kuanzia 2013 zikawafikia wasiosajiliwa pia. Vitabu vingi vya mashine hizo nilivyofanya navyo kazi vilikuwa na mpangilio mmoja: sura ya vitufe, sura ya menyu, sura ya ripoti, kisha mwishoni jedwali la namba za makosa. Sasa muuzaji amekosea bei, risiti imeshatoka, mteja amesimama mbele yake. Jibu lake limetawanyika. Namna ya kurekodi marekebisho iko kwenye menyu. Athari yake kwa ripoti ya Z, inayofunga mauzo ya siku, iko sura nyingine. Na lile jambo kuu kuliko yote, kwamba kilichoingia kwenye kumbukumbu ya kodi hakifutiki, limewekwa kwenye sifa za kiufundi, karibu na uzito wa mashine na kiwango cha umeme. Hakuna lililokosekana humo. Hata hivyo muuzaji hawezi kulipata jibu kabla mteja hajaondoka, na upande wa pili anahofia faini. Mimi nasema kitabu cha namna hiyo hakijakamilika, hata kama kila sentensi yake ni sahihi.

Fundi aliyenifundisha kazi alishikilia kinyume. Kwake, mwongozo unapaswa kueleza kila sehemu kwa zamu, kikamilifu, na mtu akishazijua sehemu zote atajitatulia jambo lolote. Namheshimu mpaka leo, na msimamo wake una mashahidi wazito. Mwongozo wa Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1971, uliipa kila amri maelezo yake ukazipanga kwa alfabeti, na umewafaa wataalamu kwa miongo. Lakini umewafaa kwa sababu mtaalamu analijua jina la anachokitafuta. Mwenye duka halijui. Anachojua ni kwamba risiti imekataa kutoka. John Carroll, aliyekuwa mtafiti wa IBM, aliwachunguza watu wanaojifunza programu akaona hawasomi kwa mfuatano: wanarukaruka, wanajaribu, wanakwama. Vitabu vifupi vilivyojengwa juu ya kazi halisi, vyenye maelekezo ya kujinasua baada ya kukosea, viliwafikisha haraka kuliko vile vinene. Utafiti huo aliukusanya katika kitabu cha mwaka 1990. Marejeo kamili ya sehemu kwa sehemu yabaki, wala sitaki yafutwe. Yakae nyuma, na kazi za mtumiaji zitangulie.

Wapo wanaosema tatizo ni vitabu kuandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri ni muhimu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ushahidi kwamba programu nzima inaweza kusema Kiswahili. Ila kitabu kilichovurugika kikitafsiriwa kinabaki kimevurugika. Wengine wanasema wafanyabiashara hawasomi. Hilo nalikataa kabisa. Mtu anayepitia orodha ya mzigo wa kontena kutoka Guangzhou na kugundua katoni iliyopungua ni msomaji makini. Anasoma kinachompa jibu. Kariakoo yenyewe ingemfundisha mwandishi wa mwongozo: anayetaka simu huelekezwa mtaa wa Aggrey, anayetaka nguo huelekezwa mtaa wa Congo, na hakuna anayelazimika kwanza kujua mitaa yote ilivyochorwa.

Kuna mafundi wenzangu walioupenda mkanganyiko wa vitabu hivyo, maana kila swali lisilo na jibu kitabuni lilikuwa nauli na ujira kwao. Walimtoza mama mwenye genge la vitenge kwa jambo la vitufe viwili, kisha wakakataa kumwandikia hatua zake kwenye karatasi. Huo si ufundi, na vijana wanaoingia kazini wasiuite hivyo.

Nao vijana wananijibu kwamba siku hizi kuna video za WhatsApp. Video inasaidia mikono, nakubali. Lakini huwezi kuipekua kwa neno moja ukiwa na foleni, haisemi ni ya toleo lipi, na kitufe kikihamishwa kwenye toleo jipya yenyewe inaendelea kusambazwa na kupotosha. Sasa risiti nyingi zinatolewa kupitia simu na kompyuta bila mashine maalumu, na programu hubadilika mara nyingi zaidi, hivyo uhitaji wa maandishi yaliyopangwa umeongezeka. Kijana, kabla hujaandika sura ya menyu, kaa dukani usikilize wauzaji wanavyotaja shida zao, kisha maneno yao yawe vichwa vya habari: nimekosea bei, karatasi imekwama, mtandao umekatika na siku haijafungwa. Chini ya kila kichwa weka hatua zote mahali pamoja, hata ikibidi kurudia ulichokwisha kuandika kwingine. Ujumbe wa kosa uunakili herufi kwa herufi kama unavyotokea kwenye kioo, na pembeni uandike namba ya toleo ulilolijaribu wewe mwenyewe.