Rundo Lililofichua Kosa la Mwalimu

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari mjini Bariadi, na kila Ijumaa jioni nilikutana na kikundi cha wanafunzi waliopenda kuandika programu kwa lugha ya C. Lugha hiyo ilitungwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ile ile ambayo nchi yetu, mnamo 1974, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mimi niliifikia nikiwa mtu mzima, na sikuwa nimelitangulia darasa langu ila kwa kurasa chache.

Somo lilikuwa rundo, yaani mpango wa kuhifadhi vitu ambao kinachowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza. Mfano haukunisumbua: mtoto wa Simiyu amekwisha kuona marobota ya pamba yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Nilitaka rundo lipokee kitu cha aina yoyote, ikiwa herufi, namba kamili au namba yenye desimali. Kwa hiyo programu huambiwa mapema kila kitu kina baiti ngapi, kisha huzinakili baiti hizo katika kumbukumbu. Niliiandika ubaoni, nikaijaribu kwa herufi za neno BARIADI, zikatoka IDAIRAB. Nikaridhika.

Binti mmoja wa kidato cha tatu akaijaribu kwa namba. Aliweka 1, 2 na 3. Zilipotolewa zikatoka 3, 770 na 197121. Nilimwambia kuwa amenakili vibaya, nikampunguzia alama za zoezi, nikaendelea na somo. Hakubisha. Watoto wetu hawabishani na mwalimu, na nadhani tabia hiyo tunaisifu kupita kiasi.

Ijumaa iliyofuata alinisubiri mlangoni na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Namba hizi si takataka. Namba zetu zimo ndani yake."

Tulikuwa tumejifunza kwamba baiti moja ina hali 256. Basi aliigawa 770 kwa 256, akapata 3 na baki 2. Kisha akaonyesha kuwa 197121 ni 65536 mara 3, kuongeza 256 mara 2, kuongeza 1. Zote tatu zimo, kwa utaratibu wake. Nilikaa chini.

Tuliongeza mstari mmoja wa kuchapisha anuani ya kila kitu kinapowekwa. Anuani zilipishana kwa moja moja, ilhali katika kompyuta zetu namba kamili huchukua baiti nne, na baiti ndogo hutangulia. Namba ya pili ilikuwa imeikalia ya kwanza kuanzia baiti yake ya pili, na ya tatu ikaikalia ya pili vivyo hivyo. Ya mwisho tu ndiyo haikukaliwa na yeyote, ndiyo maana 3 ilitoka salama na kutufanya tuamini kuwa programu ni nzima. Herufi nazo ni za baiti moja moja. Kwao kosa halikuweza kuonekana kamwe. Jaribio nililolichagua kwa furaha ndilo pekee lililoweza kunificha.

Kosa lenyewe lilikuwa langu, limeandikwa kwa chaki yangu. Nilijumlisha anuani ya mwanzo na idadi ya vitu vilivyomo, bila kuizidisha idadi hiyo kwa ukubwa wa kila kitu. Hata mfano wangu wa marobota ulichangia, kwa sababu robota hujipatia nafasi yake lenyewe, wala mpangaji hahitaji kuipima. Mvulana mmoja aliutengeneza vizuri kuliko mimi: tuyapange marobota chini kando ya ukuta, kila moja na urefu wa hatua nne, na mpangaji asogee hatua moja tu kabla ya kulitua la pili. Darasa zima likacheka. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Tulisahihisha mstari huo, tukajaribu tena kwa namba kamili, kisha kwa desimali. Umeme ulikatika kabla hatujamaliza. Alama za binti yule nilizirudisha jioni ile ile, mbele ya wenzake, nikieleza ni nani aliyenakili vibaya.