Safari ya Saa Nne

Tulipokuwa tukimtayarishia mama yetu safari ya Umra, sisi wanawe tulizama katika hesabu. Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa Mfalme Abdulaziz, Jidda, ni takriban kilomita 2,600. Ndege iendayo moja kwa moja huchukua muda wa saa nne hivi, na majira ya saa hayabadiliki. Tukamkumbusha pia kuwa atanuia ihramu angali angani, kabla ya kuipita miqati.

Mama alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na kwa mama yenu mdogo ni mwendo wa saa ngapi?"

Tukainamisha vichwa. Sisi twakaa Kibokoni, yeye yuko Kuze. Ni dakika chache kwa miguu. Lakini kwa ajili ya ugomvi wa mirathi, miaka tisa ilipita hatujapiga hodi kwake.

Jioni hiyo, baada ya Magharibi, tulifuatana na mama. Hodi ya pili haikuhitajika. Ndugu wawili walikumbatiana mlangoni, wakaombana radhi kwa machozi.

Wazazi wenzetu, kabla ya kukata tikiti, natupime kwanza masafa yaliyo baina ya milango yetu.