Niliwaficha Wenzangu Bei

Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha uwekezaji hapa Nairobi, na niliwaficha wenzangu bei ya hisa zao. Sikuiba hata senti. Lakini hasara waliyoipata mimi ndiye niliyeikuza, na nimekaa mno na jambo hili bila kulisema.

Tulikuwa na hisa za kampuni moja iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kampuni ile ikatoa onyo la faida. Kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zinailazimu kampuni kuutangazia umma inapoona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Tangazo lilikuwa gazetini, limebanwa kwenye kona ya ukurasa wa biashara. Nililisoma, nikalielewa vizuri, nikalikunja gazeti.

Siku ya kikao niligawa karatasi ya hesabu kama kawaida: idadi ya hisa, bei, jumla. Kwenye safu ya bei niliandika ile tuliyonunulia. Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba aliweka kidole kwenye safu ile akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo bei ya leo?" Nikamjibu, "Hisa ziko salama, mama." Hilo halikuwa jibu la swali lake, na nilijua.

Nilijiambia kwamba nawalinda. Wakisikia watataharuki, watataka kuuza kwa hofu, na huenda bei ikapanda tena. Basi nikaendelea hivyo kikao baada ya kikao, huku bei ikishuka polepole na wanunuzi wakiwepo. Tungeweza kuuza angalau nusu bila kuumia sana.

Kisha kijana wa mwanachama mmoja akaitafuta bei kwenye simu, akaituma katika kundi letu la WhatsApp. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa akiizungumzia kampuni tena. Walikuwa wakinizungumzia mimi. Kama alificha hili, ameficha nini kingine? Watu walidai akiba yao yote, hata ile iliyokuwa benki bila tatizo lolote. Ikabidi tuuze hisa zote kwa haraka, wanunuzi wakiwa wachache, na kila fungu tulilouza likaiteremsha bei ya fungu lililofuata. Onyo la faida lilitupunguzia mali. Kunyamaza kwangu ndiko kulikovunja chama.

Tangu hapo nayaelewa vingine yaliyozikuta benki za Kenya. Tarehe 13 Oktoba 2015, Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu siku ileile ambayo hatifungani yake ya shilingi bilioni 2 ilikuwa ianze kuuzwa sokoni. Aprili 2016, Chase Bank ilitoa hesabu zake upya baada ya zile za kwanza, na mikopo ya watu wa ndani ikaonekana kuwa mikubwa kuliko ilivyosemwa. Uvumi ukasambaa mitandaoni, wateja wakakimbilia pesa zao, na tarehe 7 benki ikafungwa. Wenye akaunti kwingineko hawakuwa na njia ya kupambanua benki nzima na benki mbovu, hivyo wengi wakahamia benki kubwa. Benki Kuu ikalazimika kutangaza kwamba itazikopesha benki zitakazopungukiwa na fedha. Watu wale walilaumiwa kwa kutaharuki. Mimi siwezi kuwalaumu, maana nimeona anachofanya mtu akigundua kwamba karatasi aliyopewa haikuwa ya kweli.

Nilimwendea yule mama kumwomba radhi. Alinipokea kwa heshima, lakini hajaingia chama kingine.

Wewe uliye katika chama, kikao kijacho mwombe mweka hazina taarifa ya akaunti ya CDS, ile inayoonyesha hisa mnazomiliki, na kando ya kila hisa aandike bei ya siku hiyo, si ya kununulia. Na wewe unayeshika hesabu za wenzako, habari mbaya ukiipata asubuhi, wasomee kabla ya jioni.