Machozi Hayaandikwi

Masika ya mwaka juzi binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, aliteleza katika mtaro uliozibika mbele ya madrasa yao, akavunjika mkono. Wiki nzima majirani walikuja kunipa pole, na kila aliyekuja alikuwa na kisa chake kuhusu mtaro ule. Tulilalamika mkekani, tukalalamika bombani, tukalalamika hata harusini. Hakuna aliyelalamika mahali panapostahiki.

Mume wangu ndiye aliyeliona tangazo la mkutano wa mtaa mlangoni mwa ofisi. "Nenda wewe, mama watoto," akasema. "Wewe ndiye uliyekesha naye." Kwa miaka 11 niliyoishi mtaani hapo sikuwahi kuhudhuria, nilidhani mikutano ni mambo ya wanaume na wanasiasa. Nilipopewa nafasi nilisimama, nikaanza kueleza, nikalia. Watu wakanionea huruma, mwenyekiti akaniliwaza, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nimesikika.

Mkutano uliofuata ulifunguliwa kwa kusomwa muhtasari wa ule uliopita. Nilitega sikio mpaka mwisho. Mtaro haukutajwa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyeketi karibu nami, akaninong'oneza: "Binti yangu, machozi hayaandikwi. Wape kitu cha kuandika."

Baada ya mkutano alinifafanulia. Yanayoandikwa na Afisa Mtendaji wa Mtaa ndiyo yanayopanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Na diwani ndiye mwenye sauti yetu katika baraza la madiwani. Lisiloandikwa hubaki mkekani.

Basi nikaupima mtaro kwa miguu yangu: hatua 64. Nikakaa kizingitini alasiri moja, nikahesabu watoto wanaouvuka kwenda madrasa: 47. Nikaongeza tarehe aliyoumia binti yangu na tarehe ambazo maji yaliingia darasani. Yote yalienea katika karatasi moja. Katika mkutano wa tatu niliisoma, mikono ikitetemeka kidogo, kisha nikaomba jambo moja tu: liandikwe, na muhtasari usomwe mkutano ujao. Likaandikwa.

Baraza la madiwani lilipokutana, nilikwenda na binti yangu kusikiliza. Vikao hivyo viko wazi kwa wananchi, ingawa wanaosema ni madiwani wenyewe. Tuliketi nyuma kabisa. Diwani wetu alipotaja hatua 64, binti yangu alinibana mkono kwa mkono wake ule uliokwisha kupona.

Ndugu msomaji, mtaro haujajengwa. Umeingizwa katika maombi ya bajeti, na kwa sasa kina baba wameuzibua kwa majembe. Tangu utotoni nimeisoma aya ya 38 ya Surat Ash-Shuura, inayowasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, nikidhani yawahusu watawala na maulamaa. Leo naiona yanihusu mimi, mwenye mtoto na mtaro.

Mkutano ujao ni Jumamosi. Karatasi yangu imo mkobani tayari, na safari hii ina swali moja: lile tuliloliandika limefikia wapi?