Springi za Gari na Mgongo wa Mama

Mama yetu hasemi anapoumia. Tabia hiyo tumeijua tangu utotoni, na bado mwaka jana ilitupita mbele ya macho, kwa kuwa macho yetu yalikuwa kwenye gari.

Sisi ni ndugu wawili wa Nairobi, mmoja wetu katibu wa kamati ya msikiti, mwingine mwalimu wa hesabu. Gari ni letu sote: Subaru Impreza ya mwaka 2005, tuliyoinunua kwa kuchangiana nusu kwa nusu. Siku za kazi hupeleka watoto shule na madrasa, humpeleka Mama kliniki, na baada ya Isha huwarudisha nyumbani wazee wawili watatu ambao miguu yao haihimili tena kutembea usiku. Jumamosi chache kwa mwaka huenda uwanja wa Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong, kwenye mashindano ya otokrosi, ambako magari huachiwa moja moja katika njia ya murram yenye kona nyingi na kupimwa kwa saa. Msomaji huenda akauliza katibu wa msikiti anatafuta nini huko. Tumeulizwa hata ndani ya kikao cha kamati. Jibu letu ni kwamba huo ni mchezo, hufanyika mahali palipotengwa, na ni afadhali kijana aonje mwendo kule kuliko kuuonja barabara ya Mombasa, katikati ya mabasi na watoto wanaovuka.

Mapenzi yenyewe ni ya zamani. Tulikuwa watoto Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns aliposhinda ile ya mwaka 2000 kwa gari la jina hilohilo. Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha. Katika miaka hiyo yote kijana wa Nairobi akisikia mlio wa injini ya Subaru hugeuza shingo. Sisi tuligeuza shingo, kisha tukatoa na pochi.

Shokabsoba za gari letu zilikuwa zimechoka. Ukikandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia, lilipanda na kushuka mara tatu kabla ya kutulia, na moja ya nyuma ilikuwa imelowa mafuta. Kubadilisha hakukuwa hiari. Kosa letu lilianzia kwenye swali tulilojiuliza. Tulipaswa kuuliza gari hili hubeba nani na hupita wapi. Tuliuliza gari gani linapendeza likisimama.

Muuza spea alikuwa na koilova za mtumba kutoka Japani, yaani springi na shokabsoba vilivyofungwa pamoja, zenye uzi wa kulipandisha na kulishusha gari, na kitufe juu cha kuzungusha. Kwenye springi za mbele ilichapwa namba 8 na za nyuma 6. Maana yake ni kwamba springi ya mbele huhitaji kilo 8 ili ibonyee milimita 1 tu. Springi alizotoka nazo Impreza kiwandani hazifiki hata nusu ya hapo. Tulizisoma namba hizo kama mwanafunzi anavyosoma alama za mtihani: kubwa ndiyo bora. Mwalimu wa hesabu naye alikuwapo. Tulilipa shilingi 75,000, tukalishusha gari vidole vitatu, tukalipiga picha.

Wiki ya pili ulitufikia msiba wa shangazi yetu Mombasa. Tuliondoka alfajiri, Mama na watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Ni kilomita 480 hivi, na kila mji mdogo njiani una matuta yake, mbali na mifereji iliyochimbwa na malori. Kwa kumwonea huruma Mama tulizungusha vile vitufe hadi mwisho wa upande wa ulaini. Hatukujua kwamba kitufe hakigusi springi kabisa. Kinalegeza shokabsoba, na kazi ya shokabsoba ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kubonyea. Springi ngumu ikinyimwa mtulizaji humrusha abiria mara mbili kwa kila shimo moja. Tulikuwa tumemwongezea adhabu tukidhani tunampunguzia.

Mama hakusema neno. Mtito Andei aliomba tusimame, akanyoosha miguu muda mrefu kuliko kawaida yake, tukadhani amechoka kwa kulia.

Baada ya mwezi tukaenda Jamhuri na matumaini makubwa. Gari lilikuwa gumu kama meza, na katika kona ya kwanza halikuinama hata kidogo, tukafurahi. Katika kona ya pili, penye mabonde yaliyochimbwa na magari yaliyotangulia, magurudumu yaliruka juu ya udongo badala ya kuufuata, na tairi iliyo hewani haipindi wala haifungi breki. Tumbo la gari liligonga chini mara mbili. Saa ilisema sekunde 4 nyuma ya wakati wetu wa zamani, ule tulioupata na shokabsoba zilizochoka.

Jioni hiyo, tukiosha gari, tulikuta kanga mbili zimekunjwa na kufichwa nyuma ya kiti anachokalia Mama. Mwanetu wa miaka saba ndiye aliyefichua. Alisema Bibi huziweka mgongoni kila akipanda na huzitoa akishuka, na amewaambia watoto wasiseme, kwa kuwa wanawe wanalipenda gari lao.

Tuliosha gari lile mara ya pili, bila sababu.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa fundi mmoja mzee, mtu aliyefungua na kufunga magari ya mbio tangu sisi hatujazaliwa. Hakutukaripia. Alilinyanyua gari, akatoa gurudumu la mbele, akatuonyesha ule mpira mdogo unaozuia shokabsoba isigonge mwisho. Ulikuwa umepondeka kama andazi lililokaliwa.

“Vijana,” alisema, “gari hili limeishiwa njia ya kushuka. Kila tuta mnaloligonga, mnaligonga kwa mpira huu.”

Kisha akatuonyesha mkono wa chini unaoshika gurudumu. Impreza ya miaka ile imejengwa kwa mfumo wa MacPherson, ambamo shokabsoba yenyewe ni nguzo inayoshika gurudumu kwa juu, na mkono mmoja hulishika kwa chini. Gari likiwa katika kimo chake, mkono huo hulala karibu sawasawa. Likishushwa mno, ncha ya upande wa gurudumu huwa juu kuliko ncha ya upande wa bodi, na hapo hesabu yote hubadilika. Ile nukta ambayo bodi huizunguka linapoinamia upande hushuka upesi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, na nguvu ya kulilaza gari kwenye kona huongezeka. Tukauliza mbona halikuinama. Akacheka. “Springi ya 8 inaficha. Mmelishusha gari likataka kulala, mkaliwekea springi ya chuma lisilale, sasa halilali wala halitembei.”

Yule mzee alitueleza pia kwamba lami ni habari nyingine. Kwenye njia ya lami iliyo laini, springi ngumu ina haki yake, kwani hakuna mashimo ya kufuatwa na tairi zinashika sana. Mwenye gari la kukimbia kwenye njia kama hiyo pekee, na analivuta kwa lori hadi uwanjani, anunue namba 8 na asisikize maneno yetu. Sisi uwanja wetu ni murram, na njia ya kwendea uwanjani nayo ni ya matuta. Hizo zote mbili zinaomba kitu kimoja: gurudumu lipate nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Tulikuwa tumejiaminisha kwamba mahitaji ya Mama na ya Jamhuri yanapingana. Kumbe yaliyopingana ni ya Mama na ya picha.

Tulifanya kikao nyumbani, na safari hii Mama alikuwamo. Katibu aliandika muhtasari kwa mazoea. Mama alijitetea kwanza kwamba hakuumwa sana. Tukamwomba radhi, akasema yamekwisha, tutaje gharama.

Tulianza na vitu ambavyo havipigwi picha: bushi za mikono ya chini zilizopasuka, mipira ya juu ya shokabsoba, na tairi mpya za kawaida. Bushi tuliweka za mpira. Zile za plastiki ngumu hunoa stelingi kweli, lakini hupitisha kila mtetemo na kelele hadi ndani, na sisi hubeba watoto wanaolala. Kisha shokabsoba mpya zenye nguvu kidogo kuliko za kiwandani, pamoja na springi za kimo cha asili. Halafu alaimenti, ambayo wengi huifanya mwisho kama sadaka ya kubaki. Kwenye Impreza, bolti ya juu inayofunga gurudumu la mbele kwenye shokabsoba ina umbo la yai, na ukiizungusha, gurudumu hulala ndani au nje kidogo. Mzee aliyalaza ya mbele ndani kiasi, kwa sababu gari hili lina kawaida ya kukataa kupinda na kuendelea mbele, na mlalo huo hulisaidia kushika kona. Hakututoza kwa hilo.

Kitu kimoja tu kilichonunuliwa kwa ajili ya uwanja ni stabilaiza ya nyuma, ile nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Uzuri wake ni kwamba magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, nondo huzunguka tu na haimsumbui abiria. Hufanya kazi gari linapolala upande mmoja. Tuliitoa ya milimita 20 tukaweka ya 22. Mtu atasema milimita 2 ni nini. Mwalimu wa hesabu hapa alijirudishia heshima yake: ugumu wa nondo kujipinda hukua kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne, kwa hiyo asilimia 10 ya unene huzaa karibu asilimia 46 ya ugumu. Tulitaka ya 24. Mzee akakataa, akasema kwenye murram gurudumu la nyuma la ndani litanyanyuka, na tutarudi palepale.

Siku ya majaribio Mama alikaa kiti cha nyuma, bila kanga. Tulipita matuta yote kutoka nyumbani hadi msikitini, kisha tukapita yale ya soko. Alikuwa akizungumza habari za bei ya nazi, na hakukatiza sentensi kwenye tuta hata moja. Tuliangaliana kwenye kioo. Jamhuri nako tulipunguza sekunde 6 kwenye ule wakati wa aibu. Hatukushinda kitu, na gari sasa linainama kwenye kona kuliko mmoja wetu anavyopenda. Bado hutazama picha ile ya gari likiwa chini, na hatumlaumu.

Zile koilova ziko chini ya kitanda, zimefungwa gunia. Mwezi uliopita alikuja kijana kuzinunua, ana Impreza kama yetu. Alileta 50,000 taslimu, na tulizihitaji. Tulimwonyesha ya mbele kushoto, ambayo imeanza kulowa mafuta, tukamwonyesha na mpira uliopondeka, tukamuuliza nyumbani kwake gari humbeba nani. Akasema mkewe, mjamzito wa miezi sita. Akasimama akiangalia zile namba kwa muda, akashukuru, akatuomba namba ya simu ya yule mzee.